Giaboksi ya oto inasumbua? Pitia hapa kabla hujakubali ishushwe

Hii ni kwa wenye IST, Spacio, Raum, Premio, Noah, X-Trail, Fit na ndugu zake, yaani zile gari za familia za kati ya 2000 na 2010 hivi ambazo zilitoka Japani zikiwa tayari zimetembea, af huku tukazipigisha foleni ya Mbagala asubuhi na jioni, na Desemba ikifika zinapandishwa Moshi zimejaa watu na mabegi mpaka miguuni. Gari kama hiyo giaboksi ikianza kuleta utata, ukienda gereji jibu linakuja haraka sana, "giaboksi imekufa bosi, tafuta nyingine". Inaweza kuwa kweli. Lakini malalamiko yanayojirudia ukiyafuatilia mpaka mwisho unakuta mengi chanzo ni oili, waya, au kitu cha injini ambacho wala hakimo ndani ya giaboksi, na giaboksi ikishashushwa na kufunguliwa hata kama ilikuwa nzima hairudi kuwa ile ile. Kwahiyo unaanza na vya bure, unakuja vya bei ndogo, kushusha ndo mwisho kabisa.

Kwanza jua una giaboksi gani

Kuna oto ya kawaida yenye gia zake nne au tano, na kuna CVT ambayo haina gia, ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Usiamini maneno ya aliyekuuzia. Kwa Toyota fungua boneti utafute kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, au angalia nguzo ya mlango wa dereva, kuna mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Ukikuta U340E au kitu kinachoanza na U au A hiyo ni ya gia za kawaida, ukikuta inaanza na K (K110, K111, K410 na wenzake) hiyo ni CVT. Inachanganya kwasababu gari jina moja linaweza kuwa na zote mbili, Noah AZR60 za mwanzo zina gia nne ila zilizofanyiwa maboresho 2004 zikaja na CVT, Vitz za kuanzia 2005 nyingi ni CVT, X-Trail T30 ni ya kawaida ila T31 ya petroli ni CVT.

Kwanini nasumbuka na hili, ni kwasababu ya oili. Neno ATF (oili ya giaboksi za oto) peke yake dukani halitoshi. Toyota za gia nne za mwanzo wa miaka ya 2000 nyingi zinatumia T-IV, za baadaye WS, CVT zao TC na za baadaye FE. Nissan CVT ni NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, Honda Fit ya kwanza ni HMMF. Mara nyingi imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe (kijiti cha kupimia oili). Ukiweka Dexron (ATF ya kawaida) ya kupimiwa dukani kwenye CVT mkanda unaanza kuteleza kwenye puli, unakwaruza chuma kwa chuma, na hapo kumwaga oili na kuweka sahihi hakurudishi ile chuma iliyolika. Giaboksi nyingi za CVT zimeuliwa hivi na watu wenye nia njema kabisa.

Kupima oili, maana kila dalili huko chini inaanzia hapa

Tembeza gari robo saa hivi ipate moto vizuri, simamisha sehemu tambarare, hendibreki juu, mguu kwenye breki, pitisha gia zote polepole kutoka P mpaka L na kurudi P. Acha injini inaunguruma. Chomoa dipstiki ya giaboksi (sio ya injini, watu wanachanganya), futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome kwenye alama za HOT. Honda zenyewe ni tofauti, unazima injini kwanza af unapima ndani ya dakika moja na nusu. Kama gari yako haina dipstiki ya giaboksi kabisa usihangaike, hizo zinapimwa kwa chini kupitia nati ya kufurikia na joto la oili lazima lisomwe kwa mashine, ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Sasa dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe ukae nalo dakika mbili tatu. Oili nzima inasambaa taratibu, na kwa oto ya kawaida rangi yake ni nyekundu au imeenda kwenye kahawia nyepesi (za CVT rangi zinatofautiana). Oili iliyochoka inasambaa kidogo tu af inaacha duara jeusi katikati, ukisugua kwa vidole unahisi unga unga. Inuse. Harufu ya kuungua ya giaboksi ukiisikia mara moja huisahau, inafanana na klachi iliyoungua mlimani. Hiyo maana yake klachi pleti za ndani (sahani zinazoshikisha gia) zinaisha na vumbi lake ndo hilo unaliona.

Ikiwa imepungua ongeza kidogo kidogo kupitia tundu hilo hilo la dipstiki, robo lita unapima, robo lita unapima. Ikizidi nayo ni shida, inapiga povu na povu halishikiki kwenye mashine inayotegemea presha.

Dalili: ukiweka D au R inachelewa kushika

Unaweka D, unahesabu moja mbili tatu ndo gari inasogea, au inasogea kwa kustuka. Kinachoongoza ni oili imepungua, ukiongeza tatizo linaisha siku hiyo hiyo ila lazima utafute ilikovujia, oili ya giaboksi hailiwi kama ya injini, ikipungua imetoka sehemu. Cha pili oili imezeeka au imewekwa siyo. Cha tatu chujio la ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) limeziba, hapo inabidi sampo ifunguliwe, sio kazi kubwa na giaboksi haishuki.

Angalia inatokea saa ngapi. Kama ni asubuhi tu gari ikiwa imelala, af ukishatembea inakaa sawa, mara nyingi ni sili za ndani zimekakamaa kwa uzee, au oili inarudi chini usiku kutoka kwenye toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi). Watu wanaishi na hiyo miaka. Unawasha, unaacha dakika moja, unaweka gia, unasubiri ishike ndo unakanyaga mafuta. Kibaya ni kukanyaga mafuta wakati haijashika, ile kuja kushika kwa nguvu inakata pleti. Lakini kama inachelewa zaidi ikiwa ya moto, hapo presha inapotea, oili ikiwa nyepesi kwa joto inapita kwenye sili na pampu zilizochoka, na hiyo haiponi kwa kuongeza oili. Ishia hapo, nenda kwa fundi mwenye geji ya presha, apime kwanza ndo aongee.

Dalili: inaslipu, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda gari haiendi

Kwa CVT kuwa makini, yenyewe kawaida RPM inapanda na kukaa palepale huku spidi inaongezeka taratibu, mtu aliyetoka kwenye gari ya gia nne anadhani ni ugonjwa. Ugonjwa ni pale RPM inaruka ghafla na spidi haibadiliki.

Pima oili. Ikiwa imepungua, ongeza, jaribu. Ikiwa imejaa na rangi safi, kuna uwezekano wa solenoidi (valvu ndogo za umeme) au valvu bodi (kile kinachogawa presha ya oili) kukwama, na hizo kwa giaboksi nyingi zinatolewa kwa chini bila kushusha kitu chote. Ikiwa imejaa ila nyeusi na inanuka kuungua, pleti zimeisha, hapa sidanganyi mtu, hakuna dawa ya chupa itakayorudisha pleti. Hizo dawa za kuongezea zinalainisha sili kwa muda, unapata wiki za kujidanganya na pesa ya kuanzia matengenezo imeondoka.

Mkuu, kama inaslipu usisafiri nayo mkoani. Gari inayoslipu kwenye kupandisha Kitonga na lori liko nyuma yako sio suala la spea tena, ni roho za watu.

Dalili: inagonga au inashtua ikibadilisha gia

Hapa ndo pesa nyingi inapotea bure, kwasababu sababu ya kwanza ya gari iliyozeeka kugonga ukiweka D au R ni mauntingi za injini. Zile raba zimekatika, injini inaruka nzima na wewe ndani unasikia "duu" unaona giaboksi imekwisha. Namna ya kuangalia: choki mbele na nyuma ya tairi, hendibreki juu, mtu unayemwamini akae kwenye usukani na breki ameikanyaga mpaka chini, boneti wazi, wewe simama PEMBENI sio mbele ya gari, abadilishe D kwenda N kwenda R bila kugusa mafuta. Injini ikiinuka na kulala waziwazi, raba zimekufa. Wala usimtumie mtoto au mtu asiyejua kuendesha kwa kazi hii, mguu ukiteleza kwenye breki gari inakupitia.

Ya pili ni sailensa, yaani RPM ya gari ikiwa imesimama, kuwa juu. Gari ikisimama RPM inatakiwa iwe kwenye mia sita mpaka mia nane hivi ikiwa ya moto, sasa kama srotobodi (mlango wa hewa ya injini) imejaa masizi na iko elfu na mia mbili, ukiweka gia lazima ishtue, ni sawa na kuweka gia umekanyaga mafuta. Kusafisha srotobodi ni kazi ya asubuhi moja.

Ya tatu ni sensa ya spidi. Kama mshale wa spidi nao unakufa na kufufuka wakati gari inagonga, usitafute mbali. Baada ya hapo ndo zinakuja solenoidi za presha na uchakavu wa ndani. Na kama betri ilichomolewa juzi, kompyuta imesahau ilivyojifunza, itabadilisha gia kwa ukali kidogo kwa muda, endesha kwa utulivu uone kama inarudi.

Dalili: inatetemeka ikiwa kwenye mwendo

Kwa kawaida inatokea kati ya 50 na 80 ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu, unahisi kama unapita kwenye matuta madogo ya kuchorea. Wagombea ni wawili, injini inamisi (plagi, koili) au klachi ya ndani ya toki konvata inashika na kuachia. Ili kuwatenganisha, ukiwa kwenye barabara nyoofu isiyo na gari nyuma, wakati inatetemeka gusa pedali ya breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, kiasi cha taa kuwaka tu, mguu wa mafuta usiuondoe. Kompyuta ikiona breki inaachia ile klachi. Mtetemo ukikata hapo hapo, ni konvata, na mara nyingi kubadilisha oili kwa oili sahihi kunapunguza au kunamaliza kabisa. Mtetemo ukiendelea vile vile, anza na plagi na koili, ni rahisi mno kuliko giaboksi.

Honda Fit za kwanza zina mtetemo wao wa kuondokea, ukiachia breki gari inatikisika ndo inaondoka. Jaribu kwanza HMMF mpya, ile halisi, kabla ya kusikiliza stori za giaboksi mpya.

Dalili: imekwama gia moja, O/D OFF inawaka na kuzima, au taa ya cheki injini imewaka

Kabla ya yote angalia kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya juu kabisa) pembeni ya mkono wa gia. Taa ya O/D OFF ikiwaka bila kumweka, mtu kakibonyeza, gari haiingii gia ya nne, barabarani inaunguruma na inakula mafuta. Abiria wa mbele anaegesha simu pale, mtoto anachezea, mwenye gari anatafuta fundi. Bonyeza tena, imeisha.

Taa IKIMWEKA, hiyo ni kompyuta inakuambia imeona kosa. Ikiona kosa inajilinda, inajifunga kwenye gia moja, kwahiyo kuondoka inakuwa nzito sana. Gari haijafa hapo. Hii ndo dalili ninayoipenda kuliko zote kwasababu gari yenyewe inakupa jina la tatizo, kazi yako ni kuisoma. Pima kwa mashine, kile kidude cha bluetooth cha simu mara nyingi kinatosha kwa kuanzia, af ANDIKA kodi (namba ya kosa) kabla hujafuta. P0705 ni swichi ya gia, ile inayojua uko P au D. P0715 sensa ya spidi ya kuingilia. P0750 solenoidi ya gia A. P0741 klachi ya konvata. P0776 ukiiona kwenye CVT ni solenoidi ya presha, na hiyo usiichukulie poa.

Kodi ya solenoidi haisemi solenoidi imekufa, inasema saketi yake ina shida, na saketi ni waya, soketi na solenoidi. Kuna Spacio ya mama mmoja jirani yetu iliambiwa inunue giaboksi, gari ikaanza hivyo baada ya kuoshwa injini kwa maji ya presha. Ile soketi kubwa juu ya giaboksi ilipochomolewa, pini mbili zilikuwa na ukungu wa kijani na kulikuwa na maji yametulia kabisa ndani ya raba. Ikasafishwa kwa dawa ya kusafishia umeme, ikakaushwa kwa upepo, kodi ikafutwa, gari ikarudi kupeleka watoto shule. Panya nao wanahusika sana kama gari inalala nje, fuatilia waya kuanzia giaboksi mpaka unapopotelea, ukikuta umetafunwa usiuunge kwa selotepu ya karatasi na kuondoka. Angalia na vichwa vya betri, vikilegea kompyuta inaona mauzauza.

Dalili: haitoki P, au haistati mpaka ufike N

Hii inatisha watu asubuhi na haina uhusiano na ndani ya giaboksi. Kanyaga breki, mwambie mtu aangalie taa za breki nyuma. Haziwaki? Basi fyuzi au swichi ya breki, ile iliyo juu ya pedali, na bila hiyo lock ya gia haiachii. Kwa dharura pembeni ya mkono wa gia kuna kitundu au kibonyezo kimeandikwa SHIFT LOCK, unabonyeza huku umekanyaga breki unatoa gia. Ila kumbuka unaendesha gari isiyowasha taa za breki, nenda moja kwa moja kwa fundi umeme. Kama inastati kwenye N tu na sio P, ni swichi ya gia imehama au imechafuka, wakati mwingine ni kebo ya mkono imelegea.

Dalili: haitembei kabisa, au R imekufa D ipo

Haitembei mbele wala nyuma: kijiti cha oili kwanza, ikiwa kikavu kimevuja chote, usiendelee kuunguruma kuijaribu, kila sekunde pampu inajisaga kavu. Ikiwa oili ipo, angalia kama ekseli imechomoka, inatokea, ekseli imetoka kwenye si-vi jointi gari inakaa inaunguruma tu kama giaboksi imekufa. Oili ipo na ekseli nzima, hiyo ni pampu au konvata, na giaboksi itashuka, hapo hamna namna.

R imekufa lakini D iko vizuri, kwa gari zilizotembea sana ni pleti za R zimeisha au sili ya pistoni yake. Kuna mtu atakuambia endelea tu ila usipaki kwa kuingiza kichwa. Usimsikilize kwa muda mrefu, zile pleti zinazomomonyoka zinazunguka na oili zinaenda kuziba valvu bodi ya gia zilizobaki.

Kuvuja, na oili ya pinki

Weka kartoni chini usiku. Doa jekundu katikati ya mbele kwa gari nyingi ni giaboksi au pawa stelingi, oili zao zinafanana rangi, kwahiyo angalia na chupa ya stelingi kama imepungua. Kwenye giaboksi wavujaji wakubwa ni gasketi ya sampo, sili za ekseli pande mbili, na mipira inayoenda kwenye rejeta. Vyote vinabadilishwa bila kushusha. Ikivuja pale injini inapokutana na giaboksi ni sili ya mbele ya pampu, hiyo lazima ishuke, hakikisha tu kwanza sio sili ya nyuma ya injini, maana oili ya injini ni nyeusi.

Sasa ile hatari. Ukichomoa dipstiki ukakuta oili kama juisi ya mapera iliyotiwa maziwa, zima gari. Maji yameingia. Oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya tangi la rejeta, ukuta wa kati ukioza maji ya rejeta na oili vinakutana, na maji yanaachanisha gundi ya zile pleti. Njia nyingine ni mafuriko, gari imepita kwenye maji ya masika yakafika juu ya giaboksi, yanaingia kupitia tundu la kupumulia. Usiwashe "kuisogeza tu". Rejeta ibadilishwe, oili imwagwe na kujazwa zaidi ya mara moja mpaka itoke safi, na ukiwahi kabla hujaitembeza kuna matumaini. Ukiwa umeitembeza nayo wiki, andaa pesa ya giaboksi.

Inazidiwa foleni na mlimani

Ikiwa asubuhi nzima na foleni ya jua kali inaanza kulegea, hasa CVT za Nissan, ni joto. CVT ikipata moto kompyuta inaikata nguvu makusudi, unakanyaga gari haijibu. Simama pembeni, weka P, iache injini inaunguruma na feni inafanya kazi, ikipoa inarudi. Ikijirudia: feni za rejeta zinazunguka zote? Rejeta imezibwa na matope na wadudu mbele? Oili ilibadilishwa lini? Na acha ile tabia ya kuishikilia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki, pamoja na ile ya kuweka N ukishuka Sekenke eti unaokoa mafuta. Gari za injeksheni ukishuka na gia bila kukanyaga, injini inakata mafuta yenyewe, ukiweka N ndo unaichomesha, na ukirudisha D kwenye spidi 80 pleti zinapokea kishindo chote.

Milio: mlio mwembamba unaopanda na RPM hata ukiwa P ni pampu au chujio kuziba. Unaopanda na spidi ya gari, toa kwanza beringi za tairi kwenye orodha. "Ta ta ta" ukikata kona ni si-vi jointi. CVT ikivuma kwa sauti inayoongezeka na mwendo, beringi za puli, usichelewe.

Nibadilishe oili au ndo nitaiua?

Ubishi wa kila gereji. Wanaosema "ukibadilisha oili ya zamani giaboksi inakufa" wameona kweli, ila wameona nusu. Watu wengi wanabadilisha oili wakati giaboksi tayari inaslipu, ikifa wiki ijayo lawama inaenda kwa oili. Pleti zilikuwa zimeshaisha kabla oili haijamwagwa.

Msimamo wangu: kama inabadilisha gia vizuri na oili imeanza kuwa kahawia, badilisha, kwa kumwaga na kujaza tu. Ukifungua nati ya chini kwenye U340E inatoka kama lita tatu, nyingi inabaki kwenye konvata, kwahiyo pima kiasi kilichotoka na urudishe hicho hicho, tembea nayo wiki chache urudie. Kuifurumua kwa mashine ya presha kwenye giaboksi ya miaka ishirini sikushauri, uchafu uliotulia unahamia kwenye vitundu vya valvu bodi. Kama imeshaanza kuslipu na oili inanuka, usitegemee oili mpya.

Sampo ikifunguliwa, kuwepo mwenyewe. Kuna sumaku ndogo ndani, zikiwa na ute wa kijivu laini hiyo ni kawaida ya umri. Ukikuta vipande vinavyometa, au vijiti vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, rudisha sampo, hakuna haja ya kupoteza oili mpya humo.

Ikibidi giaboksi nyingine

Kwa gari zetu watu wengi wananunua ya mtumba kutoka Japani, Ilala na Gerezani kwa Dar, Grogan kwa Nairobi, kwasababu kuifungua na kuipanga upya kunahitaji fundi ambaye hawapo wengi. Ukienda, nenda na namba ya TRANS/AXLE yote, sio "ya IST". Linganisha soketi za umeme na za kwako pini kwa pini. Chomoa dipstiki yake pale pale dukani unuse. Idai garanti ya maandishi inayotaja siku ngapi na nani analipa ufundi ikirudi.

Wakati wa kufunga kuna mambo mawili mafundi wa haraka wanayaruka. Moja ni toki konvata kuingia mpaka mwisho, inatakiwa iingie kwa hatua, unaizungusha inadumbukia, unaizungusha inadumbukia tena, ndo giaboksi isogezwe kwenye injini kwa mkono. Giaboksi ikivutwa kwa bolti wakati konvata haijakaa, pampu inavunjika na giaboksi uliyoinunua leo imekufa leo. Pili ni kusafisha rejeta na mipira yake, uchafu wote wa ile iliyokufa umelala mle ndani, unaingia kwenye mpya siku ya kwanza. Na Nissan CVT ikibadilishwa, taarifa za valvu bodi yake lazima ziingizwe kwenye kompyuta kwa mashine, fundi akikuambia "itajizoesha yenyewe" mtafute mwingine.

Na kama imekufia njiani, usikubali kuvutwa kwa kamba kutoka Chalinze mpaka Dar na tairi za mbele zikiwa chini. Injini ikizimwa pampu haizungushi oili, ila tairi zinazungusha giaboksi kavu njia nzima. Zinyanyuliwe tairi zinazoendesha, na kama ni ya tairi nne ipakiwe juu ya lori nzima nzima.